Shorobo Mwenye Shaba

Jumatano, 27 Juni 1984

Leo nimedhalilishwa nyumbani kwangu, juu ya mkeka wangu, na watu waliokuwa wanakunywa uji wangu. Kikundi kizima cha ngoma. Wamekaa, wamekunywa, wamefuta midomo, ndipo wakasema kilichowaleta. Mwaka juzi nilishindwa na Eustace. Mwaka jana nilishindwa na Eustace. Nikishindwa tena Sabasaba hii, wanachukua ngoma kubwa na kuhamia kwake, na mimi umanju, ule uongozi wa ngoma, basi. Nikauliza, sasa mimi nitakuwa nani? Wakatazamana. Mmoja akasema huenda kule wakahitaji mtu wa kubeba ngoma.

Mimi Mageni! Mtunzi ambaye nyimbo zake zinaimbwa mpaka Maganzo. Sawa, wimbo mmoja. Sawa, kuna mtu wa Maganzo aliyewahi kupita hapa Buseresere akausikia, na hakuupinga.

Kilichoniuma zaidi ni mkono wa kwanza kunyooshwa walipopiga kura. Ulikuwa wa Paskazia. Mke wangu wa ndoa, kiongozi wa waimbaji wa kike, sauti yake ikipanda unaisikia ukiwa barabara kuu. Walipoondoka nikamuuliza ameona nini. Akasema nyumbani mimi ni mume wake na hana neno, lakini uwanjani amechoka kushindwa. Akaongeza kwamba Eustace angalau anafanya mazoezi.

Mazoezi gani? Eustace ana chatu, basi. Kwetu ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, sisi Bagika huku, wao Bagalu kule, na watazamaji wanakwenda wanakopenda. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mimi naimba mpaka mishipa ya shingo inasimama. Yeye anajivisha lile chatu lake, linamlamba sikio, watu wote mbio kwake. Hiyo ni sanaa?

Nikaenda mtoni kupunguza hasira. Na hapo, juu ya mkuyu, nikamwona. Ndege wa zambarau iliyokolea, mkubwa kama kuku, uso wa njano, kishungi chekundu kichwani. Haruki, anakimbia juu ya tawi kama kindi. Kisha akafungua mabawa kwenda mti wa pili. Ndani ya mabawa, wekundu mtupu! Ulikuwa umefichwa muda wote huo! Nikakaa chini kwenye matope bila kujua.

Nani amewahi kucheza ngoma na ndege huyu? Hakuna. Eustace kwisha habari yake.

Alhamisi, 28 Juni

Nimekwenda kwa Mwalimu Generosa, anayefundisha sayansi shule ya msingi. Alinifundisha hata mimi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama ile hesabu ya darasa la nne nimeshaimaliza. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Lakini nilipomweleza ndege, uso ukamng'aa. Anaitwa shorobo, akasema. Ndege wa msituni, na huku kwetu anafuata miti ya mitoni. Chakula chake ni matunda, hasa ya mkuyu, na machipukizi kidogo. Ana kidole cha mguu anachoweza kukigeuza mbele au nyuma, ndiyo maana anakimbia matawini bila kuanguka. Wanaishi kwa ukoo, wakisikia mgeni kwenye mti wao wanakuja wote na makelele. Dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho. Wekundu wanauonyesha wakiruka tu.

Kisha akasema jambo lililonisimamisha nywele. Wekundu ule si kama wa ndege wengine. Una shaba ndani yake. Shaba kabisa, madini, anaipata kwenye chakula chake na mwili unaitengeneza kuwa rangi.

Shaba! Ndege wa shaba! Mwalimu alikuwa bado anaendelea, nadhani habari za sabuni, lakini mimi nilikwisha fika kwenye geti la shule. Mtu mwenye mipango hana muda wa kusikiliza kila kitu.

Jumamosi, 30 Juni

Nimempata. Namna nilivyompata sitamweleza mtu yeyote, naandika hapa tu.

Nilichemsha ulimbo mzuri, mzito, unaonata. Nikapanda mkuyu asubuhi, nikapaka matawi yote wanayopenda kukimbilia. Kazi safi. Nilipomaliza nikagundua kwamba nilianza kupaka kutoka chini kwenda juu. Mimi niko juu. Njia ya kushukia yote ni ulimbo.

Nikajaribu kushuka hivyo hivyo. Suruali ikashika. Nikavuta, mkono ukashika. Kofia ilikuwa imeshapakaa zamani.

Na ni nani akaja kuchota maji chini ya mti wakati huo, kama siyo Eustace na vijana wake wawili? Nikajikausha. Tawi likalia. Eustace akatazama juu, akauliza kuna nini huko. Sikuwa na la kufanya. Nikalia kama shorobo, kok-kok-kok-kok, kwa sauti ya kooni. Kijana mmoja akasema ndege huyo anaumwa. Wakaondoka wakicheka.

Lakini ukoo wa mashorobo ulinisikia, na ulinielewa vizuri kuliko binadamu. Walikuja wote! Wakanizunguka, wakanikoromea, wakakimbia huku na huku wakinikaripia kwamba huu si mti wangu. Wajanja wale, ulimbo wanauruka. Mmoja tu, mwenye hasira kuliko wenzake, akanitua kichwani ili anidonoe vizuri. Kofia ikamshika miguu.

Nikavua suruali nikaiacha mtini. Nimerudi nyumbani kwa njia ya mashambani, mgolole kiunoni nilioazima kwenye kamba ya kuanikia ya mtu, kofia mkononi, ndege juu ya kofia. Paskazia alinitazama kwa muda mrefu. Akaenda kuleta mafuta ya kula, tukamsafisha ndege miguu kidole kimoja kimoja. Mimi nikajisafisha mwenyewe.

Jumapili, 1 Julai

Nimempa jina Askofu, kwa ajili ya zambarau. Paskazia alirudi kutoka misani akasema hiyo ni dhambi. Saa sita mchana nikamkuta jikoni anamwambia, baba Askofu, kula basi.

Maana anagoma kula. Nilimpa mtama, akaukanyaga. Nikampa mahindi, akanigeuzia mgongo. Kisha akaliona papai la Paskazia lililokuwa dirishani. Likaisha. Akahamia kwenye ndizi. Akamaliza na nyanya mbili za mchuzi. Kila kinachoingia kinatoka upesi ajabu, na jiko letu lina rangi mpya ukutani.

Ubaya mwingine ni sauti. Alfajiri alianza kukoroma, kok-kok-kok, mpaka mabati yakatetemeka. Nataka iwe siri, Eustace asijue, na siri yenyewe inapiga kelele kijiji kizima.

Jioni alikuja Fikirini mwenye duka, kanzu mpya ya Idi, mkononi sahani ya pilau. Nikamwambia Idi mbarak. Akanipa sahani, akakaa, akakohoa. Akasema sisi ni majirani na yeye hapendi kumkwaza jirani siku ya sikukuu. Lakini huo wimbo mpya ninaoufanyia mazoezi alfajiri, akasema, ni mbaya hata kuliko nyimbo zile za zamani.

Nikamshukuru. Ningefanyaje? Pilau ilikuwa tamu sana.

Jumatatu, 2 Julai

Mazoezi! Nimefunga kamba ya katani mguuni mwa Askofu, nikapiga ngoma, nikamwamuru afungue mabawa. Akakimbia ukutani, akapita dirishani, akapanda paa la nyasi la jiko, kamba ikazunguka nguzo, mimi nikazungukwa na kamba. Paskazia alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga.

Mchana akili ikanijia. Nikaweka kipande cha papai juu ya kofia. Nikapiga ngoma. Askofu akatazama papai. Akakimbia kwenye mguu wangu, akapanda mgongo kwa vile vidole vyake vya kugeuka, akafika kichwani, na ili asianguke akafungua mabawa yote mawili. Wekundu kulia, wekundu kushoto, na mimi katikati ninaimba!

Paskazia akaweka mchi chini. Akasema, ehe. Tangu tuoane sijawahi kumfanya aache kutwanga. Kisha akaimba ubeti mmoja, yeye mwenyewe, bila kuombwa, na Askofu akaitikia. Nilitaka kulia. Nikasingizia vumbi la mahindi.

Jumanne, 3 Julai

Kosa dogo. Nilipokwenda dukani kwa Fikirini kutafuta mapapai, mdomo wangu ukasema kwamba nina ndege mwenye shaba mwilini. Walikuwepo wachimbaji wawili wa dhahabu, wamekaa juu ya magunia. Wakainua vichwa pamoja.

Saa nne walikuwa uani kwangu na makarai. Wakanieleza kwa upole sana, kama unavyomweleza mgonjwa. Palipo na shaba, dhahabu haiko mbali. Kama ndege anakula shaba, basi anakula juu ya mwamba wenye mali. Na kama anakula, anatoa. Wakaomba ruhusa waoshe kinyesi chake.

Nilitaka kuwafukuza. Kisha nikafikiri, na kama ni kweli? Nikawaambia sawa, lakini tugawane.

Wameosha mpaka jioni. Wamekwangua ukuta wa jiko, wamekwangua sakafu, wamekwangua hata kofia yangu. Wamezungusha makarai kwa ustadi mkubwa, maji yanatoka, mchanga unabaki. Wamepata mbegu za mkuyu, mbegu za papai na kifungo cha shati langu kilichopotea Krismasi. Paskazia amewapa chai na kuwaomba waje tena wiki ijayo. Jiko halijawahi kuwa safi hivi.

Alhamisi, 5 Julai

Siri imekufa. Wachimbaji wamesema kila mahali. Basi nikabadili mkakati, nikaanza kutangaza mwenyewe. Kwenye kisima, kwenye duka, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Jumamosi Mageni atacheza na moto! Moto wenye mabawa! Moto ambao Usukuma yote haijawahi kuuona! Watu wanaitikia kwa macho makubwa. Nalala, usingizi hauji.

Eustace akaja nyumbani kunipa mkono, mnafiki yule, na kupanga pande za uwanja. Yeye huwa anachagua kwanza kwa sababu ndiye mshindi. Leo nikamwambia, kaka Eustace, chukua upande wenye mikuyu, wenye kivuli, usiumie na jua, na chatu wako asipate homa. Akashangaa. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, akataka kunikumbatia.

Hajui kitu. Mimi nimebaki na upande wa jua ili mabawa yapate mwanga wa kutosha. Shaba bila jua ni ya nini?

Kabla hajaondoka Paskazia akampa maji ya kunywa, kwa magoti, kwa heshima zote. Akamwambia nyimbo zake za mwaka jana zilikuwa nzuri. Nikakohoa. Akamwongezea maji.

Ijumaa, 6 Julai

Asubuhi nimechukua bangili zangu za shaba kuzing'arisha. Kila mchezaji wa hapa anajua kazi hii tangu utoto. Majivu, sabuni, maji kidogo, unasugua, shaba inawaka. Hutaingia uwanjani na shaba iliyochafuka, watu watadhani una msiba.

Nikiwa nasugua, nikamtazama Askofu. Ametoka kulala kwenye majivu ya jiko siku sita. Ana papai kwenye kishungi. Mabawa yana vumbi. Na mabawa yale yana nini ndani yake? Mwalimu mwenyewe amesema. Shaba!

Jamani, akili hii nilipewa mimi peke yangu.

Sabuni haionekani siku hizi, hata Fikirini hana. Lakini najua Paskazia ana nusu mche aliouficha ndani ya mtungi kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa dada yake. Nikauchukua. Nikachanganya na maji ya majivu, mengi, mazito, yanayoteleza. Nikamtia Askofu kwenye beseni. Alipenda! Alijinyoosha, akafungua bawa moja, akafungua la pili, akafumba macho. Nikamsugua kwa moyo wote, kichwa na mabawa, nikiimba wimbo wa kesho.

Nikatazama beseni. Maji mekundu.

Nikapiga ukelele nikijua nimemuua. Nikamtoa, nikamgeuza, nikatafuta jeraha. Hana hata mkwaruzo. Akajikung'uta, akanirushia maji mekundu usoni, akaomba papai. Ndipo nikaona mabawa. Kijivu chenye waridi kidogo, kama khanga iliyofuliwa miaka kumi. Kishungi vilevile. Wekundu wote uko kwenye beseni!

Nikamrudisha majini nikafikiri utapanda tena. Nikamwacha alowe. Hapana. Nikammiminia na kikombe. Hapana. Nikajaribu kumpaka kwa brashi ya viatu. Kimepata rangi kitu kimoja tu, nacho ni fulana yangu nyeupe ya kuchezea, na yenyewe haikupata sawasawa.

Paskazia akarudi kutoka shambani. Akaniona mimi, fulana, beseni, ndege. Akaangalia ndani ya mtungi wa sabuni. Nilijiandaa kukimbia. Lakini alianza kucheka, akakaa chini, akaegemea ukuta, akaomba maji, akacheka tena. Nikamwambia kesho ni kesho, kama nikishindwa ataondoka kwenye kikundi. Akasema anajua. Akaacha kucheka. Akachukua khanga yake akaanza kumkausha Askofu, taratibu sana, bila kunitazama.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo, naogopa. Sauti ya Paskazia ikiwa upande wa pili wa uwanja, mimi nitamwimbia nani?

Jumamosi, 7 Julai. Sabasaba

Nitaandika upesi kabla moyo haujapoa.

Watu wametoka kila upande, hata wachimbaji wameacha mashimo. Mwanzoni wote kwa Eustace, kama kawaida, chatu huyo shingoni. Kwangu mbwa mmoja na Fikirini, naye Fikirini alikuja kwa ujirani. Nikaanza kuimba habari za moto wenye mabawa. Wakakumbuka. Wakaanza kuvuka, kumi, hamsini, uwanja ukainama upande wangu! Tenga la Askofu lilikuwa katikati, limefunikwa kitambaa. Wakadai moto. Ningefanyaje? Nikafunua.

Shingo zikarefuka.

Askofu akatoka. Akajinyoosha. Mama mmoja akauliza kama huyo ni kanga aliyeugua. Kicheko kikalipuka uwanja mzima. Mimi nikaweka papai kofiani, nikapiga ngoma, liwalo na liwe. Askofu akakimbia mguuni, mgongoni, kichwani, akafungua yale mabawa yake yaliyofuliwa, akala papai, na kisha akafanya kile anachofanya upesi baada ya papai. Kikanishuka shavuni. Nikaendelea kuimba.

Na hawakuondoka! Walishikana mabega wakicheka, wakaomba tena, nikaweka papai jingine. Watu wa Eustace wakaanza kutoroka mmoja mmoja kuja kuona kichekesho. Hata mchezaji wake mmoja. Eustace akamzungusha chatu, chatu akalala. Nikamtazama Paskazia. Alikuwa anaimba macho yake yakiwa kwangu, kama alivyoniimbia mwaka ule nilipopeleka ng'ombe kwao. Jua lilikuwa limebaki kidogo tu. Nilikuwa nashinda!

Nikataka kumaliza kwa kishindo. Nikamlilia Askofu kok-kok-kok, kama siku ile mtini, ili aitikie. Akaitikia kwa nguvu zake zote.

Na kwenye mikuyu ya upande wa Eustace, wakaitikia.

Ukoo wake wote ulikuwa kule unakula matunda. Wakaja. Walikata uwanja juu ya vichwa vyetu, wamefungua mabawa, na jua lile la jioni nililojichagulia likawapiga kwa chini. Wekundu ule siwezi kuuandika. Watoto walikaa chini. Wachimbaji walivua kofia. Mashorobo wakazunguka mara moja, wakamwita mwenzao, wakarudi kwenye mikuyu yao. Askofu akajikung'uta, na fundo la kamba, ambalo nililifunga mwenyewe, likafunguka. Akaenda. Hawaruki vizuri, ndege hawa. Aliteleza hewani kama mtu anayeshuka mlima, akatua kwa ndugu zake, wa kijivu peke yake, wakampokea kwa makelele.

Na watu wakawafuata mbio. Wote! Wakajaa chini ya mikuyu, upande wa Eustace, vidole juu. Naye Eustace, mwanaharamu mwenye akili, bila kukosa hata pigo moja la ngoma, akainua mikono miwili kuelekea matawini kana kwamba yeye ndiye aliyewaita. Wakampigia vigelegele. Jua likazama hapo hapo. Wapiga ngoma wangu pia walikuwa kule.

Paskazia alibaki mpaka akamaliza ubeti. Akaikunja khanga aliyomkaushia Askofu. Akanifuta shavu kwa pindo lake. Kisha akavuka uwanja.

Jumatatu, 9 Julai

Wamekuja kuchukua ngoma kubwa. Ni nzito, na hakuna aliyejitolea, kwa hiyo nimeibeba mimi mpaka kwa Eustace. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Ningependa anitukane.

Mimi si manju tena. Paskazia anapika kama kawaida, ananiuliza kama chumvi imetosha. Jioni anajifunga khanga yake nzuri anakwenda mazoezini kule, na mimi nausikia wimbo wake kutoka mlangoni kwangu, wimbo wa Eustace, na ni mzuri. Nimeumia. Nataka arudi kuniimbia, basi, mengine yote wachukue.

Nilikwenda kwa Mwalimu Generosa. Akasema siku ile alitaka kuniambia kwamba wekundu wa shorobo huyeyuka kwenye maji ya sabuni au ya majivu, ndicho alichokuwa anakieleza mimi nikiwa getini. Manyoya yatanyonyoka, yataota mengine, na shaba ya matunda itayapa wekundu upya. Askofu atakuwa mzima. Nilifurahi kwa hilo, kweli kabisa. Nikamwahidi Mwalimu kwamba tangu leo nitamsikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

Jumatano, 11 Julai

Nimeruka kutoka kitandani nikiwa mtu mpya!

Jana nilirudi kwa Mwalimu, nikauliza kama kuna mnyama yeyote anayecheza ngoma kwa asili yake, bila papai. Akafikiri. Akasema nyuki. Nyuki akiona maua anarudi mzingani, anawachezea wenzake, anazunguka, anatikisa kiuno, na wenzake wanamfuata na kujifunza. Wanatikisa kiuno! Wako maelfu kwenye mzinga mmoja, wanamfuata kiongozi mmoja wa kike, na hawahami kumfuata Eustace.

Safari hii nilikaa mpaka mwisho, kama nilivyoahidi. Mwishoni Mwalimu alisema sana habari za moshi, na nguo nene, na kutowakaribia wakati wa joto. Nikaitikia kila neno kwa adabu.

Mzinga nimeupata kwa Msumbwa mmoja njia ya Biharamulo. Mzinga wa gome, umejaa, unanguruma wenyewe kama kwaya inayosafisha koo. Nimeubeba kichwani juani mchana wote, nimeziba mdomo wake kwa nyasi. Sasa uko chumbani, upande wa Paskazia. Madirisha nimeyafunga, wasitoroke. Kiongozi wao wa kike atakuwa yeye, hivyo ndivyo nitakavyomwambia. Kijingoma kidogo kiko tayari magotini.

Nasikia nyayo zake uani, anatoka mazoezini. Naweka kalamu chini, nautoa mzibo.